Nyokabi Kati ya Ndizi na Chungwa

Ukiuliza njia ya kwenda kibanda cha Nyokabi pale Kenyatta Market, watu walikuwa wakikuambia ufuate kelele. Alikuwa msusi, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kidogo, mwenye vidole vyepesi na mdomo usio na kufuli. Mteja aliyeketi kwenye kiti chake aliondoka na nywele nzuri na, juu yake, msimamo mpya kuhusu bei ya unga na mawaziri wanaohamahama vyama. Majirani sokoni walimwita Mama Janice, kwa jina la bintiye. Akiwa hayupo walimwita Bunge.

Ilikuwa mwaka wa 2005, na Kenya nzima ilikuwa ikijiandaa kupiga kura ya maoni kuhusu katiba mpya. Waliotaka katiba ipite walipewa alama ya ndizi. Waliotaka ikataliwe wakapewa chungwa. Tangu siku hiyo matunda hayakuwa matunda tena. Mama akimnunulia mtoto wake chungwa moja njiani, watu walimtazama kama aliyepanda jukwaani.

Nyokabi alikuwa wa Ndizi, na hakuficha. Alikuwa ameisoma rasimu yenyewe, aliyoikunja na kuihifadhi ndani ya droo ya vitana, na kipengele kilichompa binti haki ya kurithi shamba la babake alikijua kwa moyo. Mumewe Muthama alikuwa wa Chungwa. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji River Road, na kutwa nzima alichapa vibandiko vya ndizi asubuhi na vya machungwa mchana, kulingana na nani aliyeleta oda. Nyumbani kwao Kangemi, amani ilipatikana kwa mkataba: tunda lolote kati ya hayo mawili lisivuke mlango. Janice alikula papai hadi akalichoka.

Kazi ya kuuliza watu maoni ilimfuata Nyokabi kibandani. Siku moja wahojaji wa kampuni ndogo ya utafiti ya Westlands walifika sokoni na kalamu zao na mbao zao za kuandikia, na wafanyabiashara wakawadhania kuwa watu wa baraza la jiji. Wengine walifunga vibanda. Mkubwa wao, dada mmoja wa Parklands aitwaye Zeenat, alisimama katikati ya uchochoro asijue la kufanya. Nyokabi akaacha kichwa alichokuwa akisuka, akatoka nje, akawaambia majirani zake kwamba hawa hawataki leseni ya mtu, wanataka kusikia tu, na ni lini mara ya mwisho mkubwa yeyote alitaka kuwasikia? Vibanda vikafunguka. Watu walisema mpaka Zeenat akaishiwa na karatasi. Kabla ya kuondoka alimwachia Nyokabi nambari yake ya simu, akamwambia kwamba mtu anayeweza kufungua milango namna ile anahitajika sana.

Nyokabi alimpigia, akapewa kazi ya kuhoji watu, na milango aliifungua kweli. Shida ilikuwa kilichofuata.

Siku yake ya kwanza ya majaribio, mtaani kwao Kangemi, alimhoji fundi wa viatu. Mtu yule alisema ataikataa katiba kwa sababu ndugu yake amemwambia aikatae. Nyokabi akaweka kalamu chini, akamuuliza kama ameisoma au amesomewa, kisha akamfungulia ukurasa wa mashamba na kuanza kumfafanulia. Fundi naye akaitetea hoja ya ndugu yake. Walipomaliza, majirani saba walikuwa wamejiunga, naye Zeenat alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani.

Hakumkemea. Alimpeleka kando, penye kivuli cha duka la mbao, akamwambia polepole.

"Mama Janice, mtu akikupa jibu, hilo ni lake. Ukilirekebisha linakuwa lako. Na lako sikukutuma kuleta."

Nyokabi alirudi nyumbani amenywea. Alizoea kushindwa kwa mambo mengi, lakini si kwa maneno. Kwa muda alifikiria kumpigia Zeenat simu na kumwambia kwamba kazi hii si ya watu wenye damu ya moto. Ni Muthama aliyemzuia. Alijitolea kuwa mtu wa kufanyiwa mazoezi. Kila wakati wa chakula cha jioni alisema jambo la kuudhi kwa makusudi: kwamba wanawake hawajui siasa, kwamba Ndizi ni ya walioshiba, kwamba hata ugali wake siku hizi umeanza kuegemea upande mmoja. Kazi ya Nyokabi ilikuwa kuangalia sahani yake na kujibu, "Asante. Kuna lingine ungependa kuongeza?"

Mara ya kwanza alimrushia kitambaa cha meza. Mara ya pili alitoka nje kwenda kupumua. Lakini kidogo kidogo alianza kuona jambo ambalo hakuwa amelijua kwa miaka yote ya ndoa: akimwachia Muthama nafasi, baada ya mzaha wake alikuwa anasema la moyoni. Jioni moja alimweleza jinsi babake kule Machakos alivyonyang'anywa kiwanja na chifu, asipate wa kumlalamikia, na tangu hapo hapendi sheria yoyote inayoletwa na wakubwa kwa haraka. Nyokabi alikuwa amelala kando ya mtu huyu miaka yote hiyo na hakuwahi kusikia habari za kiwanja. Muda wote huo msemaji alikuwa yeye, Nyokabi.

Zeenat akampa nafasi nyingine.

Mwishoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya kura, walipangiwa kuzunguka maeneo ya magharibi ya jiji. Nyokabi akapewa Kitisuru. Si mbali na Kangemi kwa macho, ni kuvuka bonde tu, lakini ni kama kuvuka mpaka. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua barabarani, na kwenye kila lango palikuwa na kibao cha "Mbwa Kali". Walinzi walimuuliza anamtafuta nani, na kwa kuwa hakuwa akimtafuta mtu kwa jina, walimwona kama mtu aliyepotea. Isitoshe, aliposema amekuja kwa ajili ya maoni, mlinzi mmoja alifikiri kura yenyewe imeanza, akamuuliza sanduku liko wapi.

Kwenye lango la kijani alikubaliwa kuingia. Ilikuwa nyumba ya familia ya Kihindi: mwenye nyumba, Varun, mwanamume wa makamo mwenye biashara ya vyuma, mkewe Charmi, na mama mzazi wa Varun, Kanchan, bibi wa miaka karibu themanini, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha ukindu barazani akichambua dengu kwenye sinia. Varun alikuwa mchangamfu. Alimkaribisha Nyokabi, akamvutia kiti, akaketi mbele yake tayari kujibu.

Nyokabi akamweleza utaratibu. Mhojaji hachagui anayejibu, wala wenyeji hawachagui. Miongoni mwa watu wazima wa nyumba, anahojiwa yule ambaye siku yake ya kuzaliwa inakaribia kuliko ya wengine. Charmi akacheka, akasema basi ni Mama, kwani siku yake ni wiki ijayo na keki imeshaagizwa.

"Mama hafuati mambo ya siasa," Varun akasema. "Uliza mimi tu. Hapa nyumbani tuna maoni mamoja."

Zamani Nyokabi angekuwa na la kumjibu, na lingekuwa refu. Sasa alisema kwa upole kwamba anaomba radhi, akibadilisha mtu, karatasi yote inatupwa. Varun akafungua mdomo tena. Lakini bibi alikuwa ameshaweka sinia chini na kupangusa mikono yake kwa ncha ya sari.

"Varun, nenda ukanywe chai yako," alisema Kanchan. Kisha akamgeukia Nyokabi na kumjulia hali kwa Kikuyu, Kikuyu safi cha watu wa Kiambu, mpaka Nyokabi akasahau swali la kwanza.

Ikawa kwamba Kanchan alikuwa ameuza misumari, bawaba na rangi River Road kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, dukani kwa marehemu mumewe. Kikuyu alikipata kutoka kwa wateja waliokuja kununua mabati, Kiswahili alikipata kwa wapakiaji, na Kikamba kidogo, alisema, kwa ajili ya kugombana. Tangu mumewe afariki na duka liuzwe alikuwa akiishi hapa kwa mwanawe, akitunzwa vizuri, na akiulizwa kila siku kama chumvi imetosha.

Maswali yalianza. Je, maisha yamekuwa bora au mabaya kuliko mwaka jana? Je, mashamba yasimamiwe na nani? Kanchan hakujibu haraka. Kila swali alilipokea kama mteja anayeleta kitasa kilichovunjika, alilipindua kwanza. Chai ililetwa, Nyokabi akaiacha ipoe, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kupokea kitu. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi kidogo, na viatu vya Varun vilionekana nyuma ya pazia.

Wakafika kwenye swali lenyewe. Kama kura ingepigwa leo, angechagua kuikubali katiba mpya au kuikataa?

Kanchan akasema ataikataa. Na sababu? Kwa sababu amesikia kwamba katiba hii itatoza kodi kila mti uliomo uani, na hapa walikuwa na miti mingi sana.

Nyokabi alijua si kweli. Rasimu alikuwa ameisoma kifungu kwa kifungu, na hapakuwa na mti hata mmoja ndani yake. Neno moja tu lingetosha kumweka sawa huyu bibi mwenye akili zake. Akaliona lile neno, akalisikia likimpanda kooni, akakumbuka yaliyotokea kwa fundi wa viatu, na akalimeza kama kidonge bila maji. Akaandika: kodi ya miti.

"Asante, Mama," akasema. "Kuna lingine ungependa kuongeza?"

Kanchan aligeukia bustani. Ndege walikuwa wakigombana kwenye mparachichi.

"Liko," alisema. "Hilo la miti ni la majirani, sijui kama ni kweli. La kwangu ni hili. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, lakini funguo zote za duka alikaa nazo yeye. Za mbele, za stoo, za kasha. Nilimwambia, nipe hata za stoo tu. Akasema za nini, mimi si nipo? Siku alipoanguka akapelekwa hospitali, wateja wamejaa mlangoni na mimi nimesimama nje ya duka langu mwenyewe. Tulivunja mlango kwa nyundo tuliyokopa kwa jirani. Sisi, wauza misumari." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nimesomewa hiyo katiba kwenye redio. Bado funguo ni nyingi kwa mtu mmoja. Andika hivyo."

Nyokabi akaandika, na mkono wake ulikwenda polepole kuliko kawaida. Alikuwa amebishana na Wachungwa tangu mwaka uanze, kwenye kiti, kwenye foleni ya maji, kitandani, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia jambo lililomfanya akae kimya kwa hiari. Hakubadili msimamo wake. Lile shamba la mabinti bado lilimshika. Lakini kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtu anaweza kusimama upande wa pili na awe amefika huko kwa miguu yake mwenyewe.

"Na wewe?" Kanchan akamuuliza. "Wewe ni Ndizi ama Chungwa?"

"Mama, mimi leo ni sikio tu."

"Sikio," bibi akarudia, akalionja lile neno. "Haya, sikio. Yamekwisha maswali?"

Nyokabi akasema yamekwisha.

"Niulize mengine, hata kama hayako kwenye karatasi," Kanchan akasema. "Watu wa nyumba hii wananipenda, Mungu awabariki. Lakini mtu wa mwisho kuniuliza jambo la nchi ni afisa mmoja mwaka ule wa uhuru, alipotaka kujua kama tunabaki ama tunaondoka. Nikamwambia tunabaki. Hakuniuliza kwa nini."

Basi Nyokabi akafunika karatasi zake, na akamuuliza kwa nini walibaki. Lakini kabla bibi hajafika mbali, pazia lilisogea na Varun akatokea, uso umemwiva. Hakuwa na hasira hasa. Alikuwa kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba yake. Alimuuliza mamake tangu lini yeye ni wa Chungwa, akasema kwamba biashara zinahitaji utulivu, na utulivu unaletwa na Ndizi. Kanchan akamjibu kwamba hata babake alisema hivyo hivyo kuhusu funguo. Charmi naye akatoka jikoni na kutangaza kwamba hajaamua bado, ila hajapenda jinsi kila mtu alivyodhani kwamba yeye ameshaamuliwa. Nyokabi aliwaaga katikati ya mabishano, na ni Kanchan peke yake aliyemsikia. Alipofika langoni, mlinzi akamuuliza ni nini kimewapata wenyeji, maana hajawahi kusikia sauti za namna ile kutoka barazani.

Matokeo ya utafiti yalichapishwa gazetini baada ya siku chache. Chungwa lilikuwa mbele.

Sokoni habari hiyo ilipokelewa vibaya, kwani kule upande wa kibanda cha Nyokabi walio wengi walikuwa wa Ndizi. Kihara, mchoma nyama wa jirani aliyekuwa na mdomo wa pili kwa ukubwa baada ya Nyokabi, alikuja na gazeti lenye alama za mafuta, akalitandaza mbele ya kioo cha saluni. Alitaka kujua nani aliyeulizwa. Yeye hakuulizwa, mkewe hakuulizwa, na uchochoro mzima haukuulizwa. Tena Mama Janice alikuwa mmoja wao na alikuwa na kalamu mkononi. Kwa nini asingewasaidia wenzake kidogo, akageuza majibu mawili matatu?

Watu walikusanyika wakimngoja Bunge alipuke. Nyokabi alimaliza kwanza kufunga mstari aliokuwa akisuka.

"Kihara, nikitaka kujua kama dawa ya nywele itamchoma mteja, nampaka kichwa kizima?"

Kihara akasema hapana.

"Nampaka kidogo nyuma ya sikio. Nangoja. Sikio likiwasha, najua. Sasa sikio limewasha, wewe unaniambia niseme halijawasha. Mteja akiungua utakuwa wapi?"

Wanawake waliokuwa chini ya vikaushio wakacheka. Kihara alijaribu kusema kwamba nchi si kichwa cha mtu. Nyokabi akamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa, si kuvinyoa. Halafu akafanya jambo lililowashangaza wote: akamsogezea Kihara kiti na kumuuliza yeye binafsi anaogopa nini, Chungwa likishinda. Kihara alikunja gazeti lake. Aliketi, akaanza kwa kelele, akamalizia kwa sauti ya chini, akieleza habari za kibanda chake ambacho hakina hati, na kwamba alitumaini sheria mpya ingempa pa kusimama. Mkaa wake ulikaribia kuzima huku akieleza.

Siku ya kura, Nyokabi na Muthama walienda pamoja kwenye shule ya msingi walikojiandikisha, iliyotumiwa pia na watu wa ng'ambo ya bonde. Walikuwa wamekubaliana kwamba wanaenda kufutana, kura ya huyu kwa kura ya yule, na waliona hilo ni jambo la kuchekesha zaidi kuliko kuudhi. Foleni ilizunguka uwanja wa mpira. Mbele kidogo, kwenye kiti cha ukindu kilichobebwa na mwanawe, alikuwa ameketi Kanchan, amevaa sari ya rangi ya maembe na miwani ya jua. Kila foleni iliposogea, Varun alimwinua, akabeba kiti, akakiweka chini, akamketisha. Walikuwa wakibishana kwa Kigujarati bila kupumzika.

Bibi alimwona Nyokabi, akamwita kwa mkono.

"Leo huna karatasi," alisema kwa furaha. "Leo wewe si sikio. Niambie sasa, na mimi nisikilize."

Nyokabi aliona mwezi mzima wa maneno ukijipanga nyuma ya meno yake: mashamba, mabinti, miti isiyotozwa kodi. Alivuta pumzi. Hakuwa amefika hata kwenye neno la pili pale afisa wa uchaguzi aliyevaa koti la kijani alipowasogelea na kuwakumbusha, kwa heshima zote, kwamba kampeni haziruhusiwi kwenye foleni. Muthama alicheka mpaka akashika magoti. Kanchan akamwambia afisa kwamba amemharibia siku.

Wakaongea mengine basi. Kanchan alitaka kujua nani aliyekuwa na duka lake la zamani River Road, na Muthama, ambaye alipita mlangoni pake kila siku, akamwambia siku hizi wanauza simu, lakini bawaba za mlango ni zile zile. Jambo hilo lilimpendeza bibi kupita kiasi. Walipoingia ndani, Nyokabi alisimama mbele ya karatasi yake kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Alifikiria funguo. Kisha akatia alama kwenye ndizi, kama alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo, akaikunja na kuitumbukiza.

Ndizi ilishindwa. Sokoni kulikuwa na uso mrefu kila mahali, lakini Nyokabi alikuwa ameshauzoea ushinde huo, maana aliusikia mlango kwa mlango kabla haujatangazwa. Kihara alimletea mbavu zilizochomwa vizuri na kachumbari, bila maneno, na akakaa wakala pamoja.

Zeenat hakumwachilia tena. Kila utafiti ulipokuja, wa bei za vyakula, wa shule, wa uchaguzi, Nyokabi alikuwa wa kwanza kuitwa, na baada ya muda akawa ndiye anayewafundisha wahojaji wapya, akiwatolea mfano wa fundi wa viatu bila kuficha kwamba mwenye makosa alikuwa yeye. Varun alimpigia simu mara moja, kumlalamikia kwa mzaha kwamba tangu afike kwao chakula cha Jumapili hakiishi kabla ya saa kumi, kwa sababu mamake ananunua magazeti mawili na ana la kusema kuhusu kila ukurasa. Akaongeza kwamba Mama anauliza ni lini atapita, na aje bila karatasi.

Alipita, Jumapili moja ya Desemba, na Muthama na Janice. Kanchan aliwatandikia barazani, na pale mezani, kwenye sahani kubwa ya shaba, palikuwa na ndizi na machungwa yamechanganywa pamoja. Janice, ambaye hakuwa ameonja lolote kati ya hayo kwa miezi, alikula hadi wazazi wake wakaona haya.